Kuota umechelewa shule: maswali ninayoulizwa sana hapa Lamu

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa zamu. Zamu yangu ikifika nilisimama langoni na daftari lenye jalada jekundu, nikiandika majina ya waliochelewa. Sasa nimestaafu, na wale wale niliowaandika, wengine wana mvi kunishinda, hunisimamisha katika mtaa wa Langoni (jina lenyewe halinisaidii) na kuniambia, "Mwalimu, usiku nimekuota." Sijapata kuotwa na mtu aliyewahi.

Maswali yao hurudi yale yale, ndiyo nikaona niyaandike. Mimi si sheikh wala si daktari. Neno la sheikh nitalitaja kuwa ni la sheikh, na la wataalamu wa usingizi nitalitaja kuwa ni lao. Yanayobaki ni ya barazani, yapokee kama yalivyo.

Nimemaliza skuli miaka ishirini iliyopita, nina wajukuu. Mbona bado naota nimechelewa?

Kwa sababu shule ndiyo ya kwanza kukufundisha kwamba dakika tano ni kosa. Kabla ya hapo ulikuwa mtoto wa nyumbani, na siku ya nyumbani ilipimwa kwa adhana: utatumwa dukani baada ya Alasiri, utarudi kabla ya Magharibi. Katikati yake palikuwa na nafasi ya kucheza, kugombana na hata kuanguka baharini na kukauka. Kisha ukapelekwa mahali penye lango, na kengele ambayo kwa wengi wetu ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mtini, ikipigwa kwa chuma. Ikilia wewe uko nje, wewe ni mkosaji. Mtoto wa miaka saba halisahau hilo.

Sasa umekuwa mtu mzima na una mambo ya kuwahi ambayo hayana kengele: deni la duka, karatasi za shamba, binti anayeolewa baada ya mwezi na kitanda hakijachongwa. Usiku akili inataka kuionyesha hofu hiyo, na haina picha mpya ya kuionyeshea. Inachukua picha iliyo nayo tangu utotoni, nayo ni mimi na daftari.

Wala si watu wa Lamu peke yetu. Mwaka 2003 Tore Nielsen na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kanada ni ndoto zipi wamewahi kuziota. Zaidi ya nusu walisema wamewahi kuota wamechelewa kufika mahali, na waliosema wameota shule, walimu au masomo walikuwa wengi zaidi ya hao. Nao hawajapata kusikia ringi ya gari ikilia.

Je, ni ishara kwamba kuna jambo baya linakuja?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, mara nyingi na mama mwenye mtoto safarini.

Masheikh wetu hufundisha, kwa hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba ndoto ni za aina tatu: njema inayotoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha inayotoka kwa shetani, na ile ambayo mtu anazungumza na nafsi yake. Hii ya shule, ukiitazama vizuri, ina sura yote ya aina ya tatu. Ulilala ukiwaza, ukaendelea kuwaza usingizini. Kama imekutisha, adabu yake inajulikana: jikinge kwa Mwenyezi Mungu, tema mate mepesi kushotoni mara tatu, geuka ubavu wa pili, usiisambaze. Asubuhi iendee siku yako.

Katika Surat Yusuf, mfalme alipowasimulia wakuu wake ndoto ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda, wao walijibu kwamba ni ndoto zilizovurugika tu. Walikosea, tunajua. Lakini nao wanatufunza kitu: tangu zama hizo watu walikubali kwamba zipo ndoto ambazo ni mkorogo na hazina habari ndani. Si kila usiku ni wa Yusuf.

Nimesoma kwenye simu kwamba Ibn Sirin amesema kuchelewa shule ni dalili ya kukosa riziki.

Ibn Sirin, mwanazuoni anayesifika kwa kuagua ndoto, aliishi Basra na kufariki mwaka 729. Wanazuoni wengi wanasema vitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa kwa jina lake vilikusanywa na watu waliokuja baada yake. Basra ya wakati ule ilikuwa na walimu na wanafunzi, bila shaka, lakini paredi ya saa moja na nusu na basi la skuli sidhani kama aliviacha na maelezo.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu yake ambacho nakipenda. Walimjia watu wawili, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atahiji. Wa pili akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Ndoto ni moja, ila aliwatazama wenye ndoto. Basi anayekupa maana ya ndoto yako bila kukuuliza wewe ni nani, unafanya kazi gani na unadaiwa na nani, huyo hajakuagulia chochote. Na akitaka umtumie pesa kwanza, hapo maana yake iko wazi bila ya kitabu.

Mimi huota nimekosa boti, mke wangu huota hana viatu, jirani anaota punda wamemzibia njia. Ni ndoto moja au tatu?

Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema "kuota umechelewa maana yake ni hofu" kisha wakanyamaza. Hofu tunaijua. Uliza ni nini kilichokuchelewesha. Shule katika ndoto hizi ni lango tu, na mwenye ndoto mara nyingi halifikii. Yanayotokea yote yanatokea njiani.

Tuanze na boti. Wanaovuka kutoka Manda au Mokowe, na waliokulia Pate, Siyu au Faza, huota bahari. Umesimama gatini na mkoba begani, maji yamekupwa, boti imekaa kwenye tope. Au mko Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, mnasubiri maji yajae ndipo mpite, na wewe tu ndiye unayejua kwamba leo kuna mtihani, nahodha anakunywa chai. Sisi wa visiwani tunajua kwamba maji kujaa husogea kama dakika hamsini kila siku, na hayaangalii ratiba ya mtu. Nimewauliza wengi walioota hivi wana jambo gani. Mara nyingi jambo lao lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine: majibu ya hospitali, barua ya kazi, hati ambayo imekaa mezani kwa ofisa tangu mwaka jana. Mwenye kuota boti hulaumiwa kwa kuchelewa ilhali hakuchelewa yeye. Ndiyo maana huamka na hasira zaidi kuliko woga.

Punda ni habari nyingine. Uko katika kichochoro cha Mkomani, kuta mbili za mawe, mbele yako msafara wa punda wamebeba mawe ya matumbawe. Unapiga kelele "Simile! Simile!" na sauti haitoki. Walionisimulia hii mara nyingi walikuwa na watu wa nyumbani wanaowazibia njia, na hawawezi kuwaambia wapishe kwa sababu ni wakubwa. Shangazi hataki binti arudi chuo kikuu. Ami hataki nyumba ya urithi ikarabatiwe. Punda hana kosa, lakini hapiti.

Viatu na sare ni aibu. Unatafuta kiatu cha pili, shati lina sabuni bado, unafika paredi na kikoi. Hii huota sana watu waliopandishwa cheo, na maharusi.

Kisha kuna ndoto ya saa, ambayo nadhani ni yetu wasemaji wa Kiswahili hasa. Simu inasema 08:00, wewe unaisoma saa nane, unaona adhuhuri imekwisha kupita na watoto wanatoka. Mtu mmoja aliniambia alilia ndani ya ndoto mpaka akaamka, ndipo akakumbuka kwamba saa nane ya simu ni saa mbili yetu na alikuwa bado na nafasi ya kunywa chai.

Haya yote ni ya barazani, nimesema. Mtu mmoja akiota punda kwa sababu jana punda alimkanyaga, basi ni hivyo tu.

Kwa nini nakimbia na sifiki? Miguu inakuwa kama iko matopeni.

Kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa nyingi. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikitangaza mwaka 1953. Katika kipindi hicho ubongo huilegeza misuli ya mikono na miguu, usije ukainuka ukakimbia kweli na kuanguka darini. Wapo wanaoona kwamba miguu mizito ya ndotoni ina uhusiano na hilo: unaamuru, mwili hauitiki. Na ukizinduka kabla misuli haijafunguliwa, ndilo lile jinamizi la kukukalia kifuani.

Mwanangu anafanya mtihani wa kidato cha nne. Juzi ameota amefika mlango umefungwa. Je, atafeli?

La, mama. Na kama kuna kitu cha kukariri katika majibu haya yote, kariri hiki.

Huko Ufaransa, Isabelle Arnulf na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakishindania nafasi za udaktari wameota nini usiku wa kuamkia mtihani. Walijibu 719. Asilimia 60 waliuota mtihani usiku ule ule. Na katika ndoto hizo, asilimia 78 zilikuwa na balaa ndani yake, hasa mbili: kuchelewa na kusahau majibu. Kisha wakalinganisha na alama. Waliouota mtihani walifanya vizuri zaidi kuliko wasiouota. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Usielewe kwamba ndoto inatoa alama. Tofauti haikuwa kubwa, na huenda aliyeota ni yule aliyekuwa akijali na kusoma tangu mwanzo. Watafiti hao walikuwa na dhana kwamba akili inayotangulia kupitia shida usiku huikuta mchana imeshaizoea. Antti Revonsuo wa Finland aliandika jambo la karibu na hilo mwaka 2000: kwamba ndoto za hatari ni mazoezi. Ni kama vijana wanaopiga mbizi gatini: hakuna anayezama, ila siku dau likipinduka wanajua la kufanya.

Sigmund Freud naye, yule daktari wa Vienna aliyeandika juu ya ndoto, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alitaja jambo ambalo mwenzake Wilhelm Stekel alimgusia: kwamba watu huota wanafeli mitihani ambayo kwa kweli waliifaulu. Sikubaliani na mengi ya Freud, lakini hili nimelijaribu barazani na limesimama kiasi. Muulize anayeota kila mwezi mtihani wa hesabu alipata ngapi. Atakwambia kwa majivuno.

Kwa hiyo usimwambie mtoto "usiote hivyo." Mwambie kalamu ziko wapi.

Sikusoma skuli, nilisoma chuo cha Kurani tu. Naota nimechelewa chuoni na maalim ameshafika juzuu nyingine.

Ni ile ile. Bakora ya maalim na daftari langu ni ndugu.

Mbona huja karibu na asubuhi, hasa nikirudi kulala baada ya Alfajiri?

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na kadiri usiku unavyokwisha kile kipindi cha ndoto nyingi hurefuka. Ukiamka kwa Alfajiri kisha ukajitupa kitandani tena, unarudi moja kwa moja penye ndoto. Tena unarudi ukiwa na wasiwasi wa kweli, kwa sababu sehemu moja ya kichwa chako inajua kwamba saa moja unatakiwa uwe mahali. Ndoto haijasema uongo hapo. Huenda kweli umechelewa.

Ramadhani huzidi. Mtu amelala baada ya Tarawehe na mazungumzo, ameamka kwa daku, amelala tena mpaka jua limepanda. Usingizi umekatwakatwa, na mwili uliopunjwa usingizi wa ndoto huulipiza ukipata nafasi. Nimeshahesabu: mfungo mosi, unaofuata Ramadhani, ndio mwezi wangu wa kusimamishwa sana njiani, watu wakinisimulia waliyoyaota katika kumi la mwisho.

Sauti nazo huingia. Adhana ya mbali, jogoo, punda wa jirani akilia, kinu cha mama, vyote vinaweza kuingia ndotoni na kuvaa nguo nyingine. Mfaransa Alfred Maury, katika karne ya 19, aliota amehukumiwa kukatwa kichwa akaamka kumbe kipande cha kitanda kimemwangukia shingoni. Sisi wetu hawakatwi vichwa. Simu waliyoitegesha inalia, na ndani ya ndoto ni ringi ya gari, nao wako Shela bado, na ile njia ya ufukweni ya kuja mjini, ambayo mtu huitembea chini ya saa moja, haimaliziki.

Ni kweli kwamba ni chakula cha usiku?

Wazee husema hiyo ni ndoto ya tumbo. Tumbo zito hukuamsha mara kwa mara, na anayeamka mara kwa mara hukumbuka ndoto nyingi. Miraa ina makosa zaidi kuliko biriani: huondoa usingizi, na anayeiacha ghafla mara nyingi huota ndoto kali kwa siku kadhaa. Zipo dawa pia zinazojulikana kwa kuleta ndoto nzito, kama mefloquine ya malaria na propranolol ya presha. Ukiona ndoto zimeanza pamoja na dawa, mwambie aliyekuandikia, usiiache mwenyewe.

Nifanye nini isirudi?

Kwanza tafuta unadaiwa nini, na na nani. Jirani yangu mmoja hushona kofia za vito. Aliota wiki nzima kwamba amefika darasani na daftari tupu, mwalimu anakusanya. Nikamuuliza ana kofia ngapi za watu. Zilikuwa nne, zote za Maulidi, na mbili hakuwa amezianza. Sikumpa tafsiri yoyote, nilimwambia arudishe pesa za kofia moja. Akarudisha, akalala.

Pili, jambo la kesho liandae leo: nguo zimetundikwa, nauli ya boti imetengwa, simu imetegeshwa na iko mbali na mkono. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Kijana anayelala saa sita za usiku na kuamka saa kumi na moja hana haja ya kuaguliwa, ana haja ya kulala.

Tatu ni dawa ya kweli, inayotumiwa na wataalamu kwa ndoto mbaya zinazojirudia, na ilifanyiwa majaribio na Barry Krakow na wenzake Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2001. Mchana, ukiwa macho na umetulia, isimulie ndoto yako ila ubadilishe sehemu yoyote uitakayo. Boti inakusubiri. Punda wanapisha. Mwalimu anafungua lango na kukwambia pita. Ipitie hiyo mpya kichwani kwa dakika chache kila siku. Inaonekana kama mchezo wa watoto, au ndoto za Alinacha, lakini wengi waliofanya hivyo ndoto zao zilipungua.

Lini niache baraza nimwone daktari?

Ndoto ikikuamsha mara kadhaa kwa wiki, ukaanza kuogopa kulala, au kama ilianza baada ya ajali, kuzama, kupigwa au kufiwa. Hospitali yoyote kubwa itakupa pa kuanzia.

Na mtoto, tafadhali. Mtoto mdogo anayeota kila siku kwamba amechelewa, na asubuhi tumbo linamuuma mpaka saa tatu kisha linapona, huyo hana tatizo la ndoto. Muulize kwa upole kuna nini langoni. Kuna anayemngojea? Anapigwa? Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na bado nakutana na watoto wanaojua uzito wa fimbo. Nasema hili nikiwa mmoja wa walioshika fimbo kabla ya mwaka huo, na kuna majina katika lile daftari ambayo nikikutana na wenyewe sokoni mimi ndiye ninayeinamisha macho.

Nimsimulie nani?

Nabii Yaqub alimwambia mwanawe asiwasimulie nduguze. Anza na anayekupenda. Kundi la familia la WhatsApp lina watu themanini, na themanini hawakupendi wote.

Na wewe mwalimu, huoti?

Naota. Niko mbio kutoka upande wa ngome, kanzu imelowa, nimebeba vitabu vya watu. Nafika langoni, na aliyesimama pale ni mimi, kijana, ndevu nyeusi, na daftari jekundu. Ananiuliza jina. Nimejaribu ile dawa ya kubadilisha mwisho, kila mchana baada ya Adhuhuri, nikimfanya afungue lango. Usiku wa juma lililopita alinitazama kwa muda, akafungua nusu, akaandika jina langu vile vile. Alilikosea herufi moja.